Aya Aliyoifuta Padri

Tulikuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM, na bweni letu lilikuwa na tabia moja ambayo mwalimu wa zamu hakuipenda: taa zikizimwa, mabishano ndiyo yanaanza. Usiku mmoja hoja ilikuwa ulimwengu ulianzaje. Mimi mchana wake nilikuwa nimesoma, kwenye kitabu chakavu cha maktaba kisicho na jalada, kwamba aliyeanzisha wazo la mlipuko mkuu alikuwa padri wa Kikatoliki. Padri! Nimelelewa na mama asiyekosa misa ya alfajiri, kwa hiyo habari ile ilinilevya. Nikakaa juu ya kitanda changu, nikatangaza gizani kwamba kesi imefungwa: sayansi imekithibitisha kitabu cha Mwanzo, na aliyekithibitisha ni mtu wetu.

Rafiki yangu wa kitanda cha chini, Mwislamu ambaye sote tulimtegemea kwenye hisabati, hakubisha kama nilivyotarajia. Aliuliza tu: "Na hao wanasayansi wakibadili mawazo keshokutwa, Mungu wako utamhamishia wapi?"

Bweni zima likacheka. Mimi nilikasirika, nikavuta shuka, na kwa miaka mingi nikabaki na imani kwamba lile halikuwa swali bali kejeli. Nilikuja kutambua kwamba ni swali la haki nilipokutana na padri mwenyewe, au tuseme nilipokutana na kitu alichokiandika halafu akakipiga mstari.

Jina lake Georges Lemaître. Alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, Julai 1894. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta akisomea uhandisi Leuven; akaacha vitabu, akaingia jeshini, akamalizia vita kwenye kikosi cha mizinga. Aliporudi aliuacha uhandisi, akachukua hisabati na fizikia, halafu akaingia seminari. Alipata upadrisho Septemba 1923, na mwaka huohuo akavuka kwenda Cambridge kusoma kwa Arthur Eddington, mmoja wa watu wachache wa wakati ule walioielewa kweli nadharia ya Einstein. Kutoka hapo akaenda Marekani, kisha mwaka 1925 akarudi Leuven kufundisha. Picha zake zinamwonyesha mtu mnene kiasi, mwenye miwani, kola ya kipadri shingoni, na mara nyingi anatabasamu.

Mwaka 1927 aliandika makala kwa Kifaransa katika jarida la chama cha sayansi cha Brussels, jarida ambalo nje ya Ubelgiji watu hawakulisoma sana. Alichukua milinganyo ya Einstein ya mvutano, akaiweka pembeni mwa vipimo ambavyo wanafalaki wa Marekani walikuwa tayari navyo: kasi za galaksi alizopima Vesto Slipher, na umbali wake aliokadiria Edwin Hubble. Akaona mambo yanaoana kwa namna moja tu: galaksi zinaachana kwa sababu nafasi yenyewe iliyo kati yao inanyooka. Kama uliwahi kutengeneza manati, chukua ule ukanda wa tyubu ya baiskeli, utie alama za chokaa, halafu uvute. Kila alama inaiacha mwenzake, na zilizo mbali zaidi zinaachana kwa haraka zaidi, lakini hakuna alama hata moja iliyotembea juu ya mpira. Lemaître alikokotoa hata kiwango cha mnyooko huo: kilomita 625 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya mwanga milioni tatu na robo hivi. Hubble alikuja kutangaza uhusiano huo wa kasi na umbali mwaka 1929.

Oktoba ya mwaka huo wa 1927 Einstein alifika Brussels kwa mkutano wa Solvay. Padri akamfuata kumweleza. Einstein akamwambia hesabu hazina kosa, ila fizikia yake haikubaliki hata kidogo. Akamjulisha pia kwamba Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, alishatoa hesabu za namna hiyo tangu 1922. Friedmann mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1925, kwa homa ya matumbo.

Hapa naomba tusikimbie, maana ndipo mimi nilipokosea kule bwenini. Makala ya 1927 haikuwa na mwanzo wowote. Ulimwengu wake ulitoka katika hali ya utulivu iliyorudi nyuma bila kikomo, ukaanza kutanuka polepole. Kama padri alikuwa na haja ya kukiingiza kitabu cha Mwanzo kwenye milinganyo, basi alikuwa amepata nafasi nzuri kabisa na akaiacha ipite.

Mwanzo ulikuja mwaka 1931, na mwaka huo Lemaître alifuta mara mbili.

La kwanza lilizua fitina. Makala ya 1927 ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa London, lakini sehemu yenye ile namba ya 625 haikuwemo. Kwa miaka watu walinong'ona: nani kaikata? Je, ni njama ya kumlinda Hubble? Mwaka 2011 Mario Livio alichapisha barua aliyoikuta kwenye nyaraka za chama cha wanafalaki cha London, na barua hiyo ilimaliza maneno. Aliyetafsiri na kukata ni Lemaître mwenyewe. Aliona hakuna maana ya kurudia makadirio ya 1927 wakati vipimo bora vilikuwa vimeshapatikana. Jamani, ni nani kati yetu waandishi angefanya hivyo? Kujiondolea kwa mkono wako ushahidi kwamba ulitangulia! (Wanafalaki wa dunia walipiga kura mwaka 2018, wakapendekeza sheria ile iitwe ya Hubble na Lemaître. Sijui kama yeye angejali.)

La pili ndilo lililonifanya niandike haya. Mapema mwaka huohuo Eddington, mwalimu wake, alikuwa amesema hadharani kwamba wazo la ulimwengu kuwa na mwanzo linamchukiza kifalsafa. Lemaître akamjibu kwa barua fupi katika jarida la Nature, toleo la Mei 9, 1931. Haifiki maneno 500. Anasema: ukirudi nyuma, nishati yote ya ulimwengu inajikusanya katika vipande vichache zaidi na zaidi, hadi unabaki na kimoja, chembe moja yenye uzito wa ulimwengu mzima. Hapo maneno kama "kabla" na "mahali" yanakosa kazi, kwa sababu wakati na nafasi vinaanza kuwa na maana pale tu chembe hiyo inapogawanyika. Kuna sehemu moja naipenda kuliko zote. Anasema si lazima habari yote ya ulimwengu iwe iliandikwa tayari ndani ya chembe ile ya kwanza, kama wimbo ulivyoandikwa kwenye santuri. Mambo yangeweza kutokea vinginevyo. Padri anasema hivyo! Mimi katekisimu niliyofundishwa ilikuwa santuri tupu.

Barua ilichapwa ikiishia hapo, chini yake jina lake bila neno lolote la kuonyesha kwamba ni kasisi. Lakini nakala iliyopigwa kwa mashine, ambayo imehifadhiwa kwenye nyaraka zake Ubelgiji, ina aya moja zaidi mwishoni, na aya hiyo imepigwa mstari. Humo alikuwa ameandika, kwa maana yake, kwamba yeyote anayemwamini Mungu anayeshikilia kila kilichopo anaamini pia kwamba Mungu huyo amejificha, na kwa hiyo mwamini anaweza kufurahi kuona fizikia ya leo inaufunika uumbaji kwa pazia.

Isome tena polepole. Mimi nilitangaza bwenini kwamba sayansi imelifunua pazia. Yeye, aliyekuwa na haki kuliko mtu yeyote duniani ya kujisifu hivyo, aliandika kwamba sayansi imelifunga. Kisha hata hilo akalifuta.

Kwa nini alifuta? Mtu anaweza kusema ni hofu ya wahariri, au ya Eddington, aliyekuwa Mkristo wa madhehebu ya Quaker na ambaye tayari alikuwa na wasiwasi. Huenda. Lakini mimi naona kuna sababu ya zamani zaidi, na kuifikia inabidi turudi nyuma karne tisa, maana ugomvi wa bwenini kwetu haukuanzia bwenini.

Kiswahili kinalo neno la ugomvi wenyewe: azali. Kitu cha azali hakina mwanzo. Aristotle alisema ulimwengu hauna mwanzo, na wanafalsafa waliomfuata kwa Kiarabu, akina Ibn Sina, walisema unatoka kwa Mungu, sawa, lakini unatoka kwake tangu azali, jinsi mwanga unavyotoka kwenye jua. Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya kule Baghdad, akaandika Tahafut al-Falasifa mwishoni mwa karne ya 11 kuwapinga. Kitabu kina masuala 20, na la kwanza kabisa ni hili la azali.

Ghazali amepewa sifa ya kuwa adui wa sayansi. Wanaomsema hivyo wangefungua utangulizi wa kitabu hichohicho. Anasema kuna mambo wanafalaki wameyathibitisha kwa hesabu, mfano kupatwa kwa mwezi: dunia inaingia katikati yake na jua. Mtu anayedhani kuyakana mambo hayo ni kuitetea dini, huyo anaidhuru dini, kwa sababu mwenye hesabu zake hatazitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Na anamalizia kwa wazo kali: madhara ya anayeitetea dini kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya anayeishambulia waziwazi.

Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu Ghazali karne iliyofuata, na katika kitabu chake kidogo, Fasl al-Maqal, akafanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Alichukua aya za Kurani zinazotaja Arshi juu ya maji, na mbingu ilipokuwa moshi, akasema: kwa dhahiri yake, aya hizi zinaonyesha kulikuwa na kitu, na kulikuwa na wakati, kabla ya mbingu na ardhi hizi. Yaani aya ya moshi aliitumia kuwazuia watu wasiseme kwa uhakika kwamba ulimwengu ulitoka katika utupu kamili. Leo ukifungua simu yako utaletewa klipu ya mhubiri anayesema aya hiyohiyo ya moshi ni ushahidi wa mlipuko mkuu. Wakristo tusicheke, klipu zetu kuhusu "iwe nuru" ni nyingi vilevile.

Ugomvi huu ulihamia Paris pamoja na tafsiri za Kilatini, na aliyeupokea kwa utulivu kuliko wote ni Thomas Aquinas. Yeye alisema: kwamba ulimwengu una mwanzo, naamini, lakini ni jambo la imani, akili peke yake haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Na kwake kuumbwa maana yake ni kutegemea, si kuanza. Hata kama ulimwengu ungekuwa wa azali, bado ungekuwa umeumbwa, kwa sababu usingeweza kujisimamisha wenyewe hata sekunde moja. Akaonya pia kwamba anayeng'ang'ania kuthibitisha mambo ya imani kwa hoja dhaifu anawapa wasioamini sababu ya kucheka.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Kicheko cha bweni kilikuwa kimeshaandikwa, karne ya 13.

Lemaître alilelewa katika mafundisho ya Thomas. Leuven ya wakati wake ilikuwa makao makuu ya kuyafufua. Kwa mtu kama huyo, chembe ya kwanza haikuwa tendo la uumbaji. Ilikuwa mwanzo wa kile ambacho fizikia inaweza kukisimulia. Uumbaji ulikuwa swali jingine kabisa, na kuyachanganya mawili hayo kulikuwa kosa kwa pande zote, kwa sayansi na kwa sala.

Basi fikiria alivyojisikia mwaka 1951.

Mambo yalikuwa yamechacha. Mwaka 1948 vijana watatu wa Cambridge, Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle, walileta nadharia pinzani: ulimwengu unatanuka, ndiyo, lakini maada mpya inazaliwa kidogokidogo kuziba pengo, hivyo sura yake haibadiliki na hauna mwanzo. Azali imerudi, safari hii ikiwa na milinganyo. Hoyle ndiye aliyetamka "Big Bang" kwa mara ya kwanza, kwenye redio ya BBC Machi 28, 1949, akieleza wazo asilolikubali. Jina likanasa. Sisi tukalitafsiri mlipuko mkuu, na ubaya wa neno mlipuko ni kwamba linakuletea bomu, na bomu lina mahali lilipotegwa na watu waliosimama pembeni wakishuhudia. Ingawa tusimlaumu Hoyle peke yake, padri mwenyewe alishaufananisha ulimwengu na fataki zilizokwisha kulipuka, sisi tukiwa tumebaki na moshi na majivu.

Nadharia ya Hoyle haikuwa ya kichaa. Kwa vipimo vya Hubble, ukikokotoa kurudi nyuma, ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi. Lakini wataalamu wa miamba walikuwa tayari na mawe yenye umri mkubwa kuliko huo. Mtoto amemzidi mama umri! Nadharia ya padri ilikuwa inachechemea, na kila aliyejua hesabu aliliona hilo.

Ni katika hali hiyo ambapo Novemba 22, 1951, Papa Pius XII alihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, na kusema kwamba sayansi ya leo, kwa kuruka nyuma mamilioni ya karne, imefaulu kuwa kama shahidi wa ile "iwe nuru" ya mwanzo kabisa. Nimtendee haki Papa: aliweka tahadhari, alisema uthibitisho huo si kamili. Lakini nani anakumbuka tahadhari? Magazeti yalichukua kichwa cha habari. George Gamow, mwanafizikia wa Marekani mwenye utani mwingi, aliinukuu hotuba ya Papa ndani ya makala ya kitaalamu kama vile ni ushahidi wa maabara.

Lemaître alikuwa mjumbe wa taasisi ileile. Hakuandika gazetini kumpinga Papa. Alipopita Roma aliongea na Mjesuiti Daniel O'Connell, mkuu wa kituo cha falaki cha Vatikani, na ujumbe ukafika ulikotakiwa kufika. Septemba 1952 wanafalaki wa dunia nzima walikutana Roma, Papa akawahutubia, akasifu sayansi yao kwa urefu, na lile dai hakulirudia tena. Ni ukurasa mdogo wa historia, na naona ni wa kijasiri. Kumwambia mkubwa wako wa kazi amekosea ni tabu. Kumwambia amekosea wakati anakusifia ni tabu zaidi.

Kwa bahati, mwaka huohuo Walter Baade alionyesha kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa pungufu sana, na umri wa ulimwengu ukarefuka kwa karibu mara mbili. Leo tunausoma kuwa miaka bilioni 13.8.

Mwaka 1958, tena Brussels, tena Solvay, Lemaître akasema hadharani kile alichokifuta miaka 27 nyuma. Alisema nadharia yake, kwa jinsi anavyoona yeye, inabaki nje ya swali lolote la kidini. Anayekana kuwapo kwa Mungu yuko huru kuikubali na kuendelea kukana. Na anayeamini inamwondolea tamaa ya kumzoea Mungu, kumshika mkono kwenye kona ya hesabu. Inalingana na nabii Isaya anaposema juu ya Mungu aliyejificha.

Mwaka 1964 wanafizikia wawili kule New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa ya redio yenye mlio usiokoma. Walisafisha hadi kinyesi cha njiwa waliojenga kiota ndani, mlio haukuisha. Ulikuwa mabaki ya joto la ulimwengu mchanga, ushahidi ulioiacha nadharia ya Hoyle bila miguu. Habari hiyo aliletewa Lemaître na msaidizi wake Odon Godart, akiwa mgonjwa. Alifariki Juni 20, 1966.

Mwaka jana vijana wa parokia yetu walinialika kuzungumza. Tangazo lilikuwa limeshabandikwa mlangoni: "Sayansi Yathibitisha Uumbaji." Niliwasimulia haya niliyoyaandika hapa, nikaona nyuso zinabadilika, maana watu walikuja kuchukua risasi na mimi nawapa stori ya mtu aliyetoa risasi kwenye bunduki yake. Mzee mmoja katekista aliuliza kama huyo padri alikuwa na imani kweli. Nikamjibu kwamba alisema misa maisha yake yote. Akatikisa kichwa, hakuridhika, akakaa.

Usiku nilimpigia rafiki yangu wa kitanda cha chini. Siku hizi anafundisha hisabati, na Ghazali anamjua kuliko mimi. Nikamsomea ile aya iliyofutwa, Kiswahili nilichojaribu mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akaniambia neno "pazia" halijatulia, nijaribu "sitara".